Kona ya Dada: Umeitwa JKT, Uende au Ubaki?

Wadogo zangu wa Singida, huu ni ule msimu ambao maswali yenu hufanana. Mtihani wa kidato cha sita umekwisha, alizeti imekauka shambani inangoja kupurwa, upepo wa kipupwe umeanza kupasua midomo, na majina ya vijana walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yanatafutwa kwenye simu za kuazimana.

Leo nina maswali ya watu watatu. La kwanza ni la binti wa Ikungi. Jina lake limetoka na amepangiwa kambi ya Rwamkoma, kule Butiama mkoani Mara. Baba analalamika kwamba nauli hana na mkono wa kupura alizeti unaondoka. Mama ana hofu na mambo anayoyasikia kuhusu mabinti kambini. Mjomba anamwambia abaki, hakuna atakayekuja kumkamata. Yeye mwenyewe anauliza jambo zito zaidi: ni haki kweli kulazimishwa kazi ambayo hakuiomba?

La pili ni la kijana wa Iramba ambaye rafiki zake wote wameitwa, yeye jina halipo. La tatu ni la kijana wa Itigi aliyeishia kidato cha nne, anayefuata mizinga ya nyuki pamoja na baba yake mdogo. Kuna mtu amemwambia atoe pesa apatiwe nafasi ya JKT ya kujitolea.

Nimeamua kuwajibu pamoja, kwa sababu majibu yao yanashikana. Naanza na haki, maana hiyo ndiyo mizizi ya yote.

Swali lenye umri mkubwa kuliko mama yako

Binti yangu wa Ikungi, swali lako liliulizwa kabla mama yako hajazaliwa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mwaka uleule ambao Singida ilifanywa mkoa. Wazo lilikuzwa ndani ya umoja wa vijana wa TANU, na waliotangulia kambini walikwenda kwa hiari yao. Nchi ilikuwa changa, wasomi walihesabika, na kazi ya kufyeka, kulima na kujenga ilikuwa haina mwisho.

Lazima ilikuja mwaka 1966. Serikali ilitaka wahitimu wa sekondari za juu, vyuo na Chuo Kikuu walitumikie taifa miaka 2. Sehemu ya muda huo wangekuwa kambini, na sehemu iliyobaki wangefanya kazi zao za kisomi huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wakiwa na mabango. Moja lilidai kwamba maisha yalikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, akachukizwa sana. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa masomoni wakarudishwa vijijini kwao.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kana kwamba somo lake ni kwamba ukibisha utafukuzwa. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkishike. Wanafunzi walikuwa wameuliza: sisi tunakatwa asilimia 60, je, wakubwa wanakatwa nini? Mwalimu hakuikwepa hoja hiyo. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya vigogo wa serikali nayo ikapunguzwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha lenye masharti makali kwa viongozi. Na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka huohuo.

Mimi nasoma mambo mawili katika historia hiyo. Taifa maskini lina haki ya kumdai kijana liliyemsomesha kwa kodi ya mkulima wa mtama asiyewahi kuingia darasani. Na kijana naye ana haki ya kuuliza kama mzigo huo unabebwa na wote. Ukiondoa mojawapo, hakuna tena kujenga taifa: kuna ubinafsi wa msomi upande mmoja, au ubabe wa mkubwa upande wa pili.

Baada ya hapo JKT iliendelea kukua. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka utaratibu wa mhitimu wa kidato cha sita kupitia JKT na kufanya kazi kwanza kabla ya kuomba Chuo Kikuu. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, waliokuwa wamepitia makambini walikuwa sehemu ya akiba ya nchi. Kisha fedha zikakauka, na mwaka 1994 mpango wa lazima ukasitishwa. Ulirudi mwaka 2013, Rais akiwa Jakaya Kikwete, na mwaka huo hata baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini wakavaa bukta na kukimbia mchakamchaka na wenzao.

Kizazi kilichorukwa

Mimi ni wa kile kizazi cha katikati, kilichomaliza kidato cha sita JKT ya lazima ikiwa imesimama. Nikimtazama mama yangu mdogo, aliyepita kambini miaka ya 80, naona kitu ambacho sisi hatukukipata. Ana rafiki Newala na rafiki Bukoba waliolala naye bweni moja, wakapewa doso, yaani adhabu za kambini, pamoja, wakalia pamoja. Misiba inapotokea wanapigiana simu hadi leo. Kwake Mhaya na Mmakonde ni watu wenye majina na sura, watu anaowadai na wanaomdai.

Zamani shule zetu za serikali za kidato cha tano na sita zilifanya kazi hiyo. Mtoto wa Mtwara aliletwa Mwenge hapa mjini, mtoto wa Kilimanjaro akapelekwa Lulumba kule Kiomboi. Bado zinafanya. Lakini siku hizi pia kuna mtoto anayeanza chekechea ya kulipia, akaenda msingi ya kulipia na sekondari ya kulipia, mpaka anafika miaka 19 hajawahi kukaa chumba kimoja na mtoto wa mkulima. Na mtoto wa mkulima naye anafika umri huo akidhani yule wa mjini ni kiumbe wa aina nyingine. Hawa wawili ndio kesho watakuwa hakimu na mshtakiwa, daktari na mgonjwa, mkurugenzi wa halmashauri na mwananchi anayedai fidia ya shamba lake.

Kambini wanakutana. Bukta ya bluu ni ileile, fulana ya kijani ni ileile, foleni ya ugali na maharage ni moja. Hapo ndipo ninapopata sababu kubwa ya kusema iwe lazima. Ikiwa ya hiari tupu, atakwenda mwenye shida ya ajira peke yake, na mwenye nacho atabaki nyumbani. Kenya wana Huduma ya Vijana kwa Taifa tangu mwaka 1964, nayo leo huingia anayependa. Wengi wanaojipanga kwenye usaili wake ni vijana wanaotafuta ufundi na kazi. Hilo ni jema, lakini halimkutanishi mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini. Kuwakutanisha kunahitaji sheria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema bila kuuma maneno: naunga mkono JKT ya lazima. Naiunga mkono kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kikomo. Miezi 3 ya kambi iwe miezi 3 kweli. Eritrea walitunga sheria yao mwaka 1995 wakisema utumishi wa taifa ni miezi 18. Tangu vita vya mpakani na Ethiopia vilivyoanza mwaka 1998, utumishi huo ukageuka usio na mwisho kwa watu wengi, na maelfu ya vijana wakaikimbia nchi yao kupitia jangwani. Lazima isiyo na tarehe ya mwisho ni kifungo.

Sharti la pili ni usawa. Mtoto wa waziri, wa mfanyabiashara mkubwa na wa mkuu wa mkoa aripoti kambi ileile, siku ileile, akae siku zilezile. Siku wananchi watakapoona majina fulani hayafiki kambini, sheria hiyo itakufa mioyoni mwao hata kama itabaki vitabuni.

Sharti la tatu ni gharama, na hili ndilo linalomgusa baba yako, binti wa Ikungi.

Nauli, shuka na alizeti ya baba

Tangazo la kuitwa huja na orodha ya vitu: bukta ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, truksuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa anayepangiwa mkoa wa baridi, nyaraka za kuombea chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa familia yenye duka barabara ya Dodoma, hiyo ni safari ya dukani ya mchana mmoja. Kwa familia inayongoja kuuza alizeti ambayo bado iko kwenye vichwa vyake shambani, ni mlima.

Nasema kwa heshima kwa viongozi wetu: taifa likimwita mtoto kwa sheria, nauli ya kumfikisha lingeibeba lenyewe. Halmashauri zetu zinaweza kuanza na hatua ndogo. Vijana wa Singida waliopangiwa kambi moja wakusanywe stendi ya Misuna, wapakiwe basi moja, wasindikizwe. Madiwani mnaosoma kona hii, lipelekeni kwenye kikao.

Wakati tunangoja hayo, binti yangu, fanya hivi. Kaa na baba na mama jioni moja, mwandike orodha yote kwenye karatasi na bei zake. Vitu vingi hupatikana gulioni na kwenye mitumba kwa bei ya chini, na shuka unaweza kuazima kwa mwenzio aliyerudi mwaka jana. Nauli ya kurudi ifungwe peke yake, isiguswe. Nyumba nyingi za kwetu zina kuku, na kuku wa Singida hawakosi mnunuzi. Kuku wachache wakiuzwa kwa ajili ya safari si hasara. Kuhusu alizeti, zungumza na majirani kabla hujaondoka. Kuna nyumba nyingine zenye mtoto aliyeitwa, zinaweza kusaidiana siku za kupura, leo kwenu, kesho kwao. Baba akiona umeufikiria mzigo wake, moyo wake utalainika.

Mjomba naye umjibu kwa adabu. Ni kweli wapo walioitwa wakabaki nyumbani na maisha yakaendelea. Lakini Sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa haijafutwa. Na ukitazama matangazo ya ajira ya vyombo vya ulinzi na usalama, mara nyingi utakuta wanataka aliyepitia JKT. Zaidi ya hayo, mambo ya utu uzima yatakudai uripoti mahali usipopapenda kwa saa usiyoichagua. Ni vizuri kuanza utu uzima kwa kuitika wito.

Nyaraka zako ziweke sawa kabla ya kupanda basi. Miezi ya kambi ni ileile ambayo matokeo hutoka na maombi ya vyuo na mikopo ya Bodi hufunguliwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema. Nakala moja ya vyeti iwe begini mwako, nyingine ibaki kwa mtu unayemwamini anayejua kutumia intaneti. Mwandikie kwenye karatasi kozi unazozitaka kwa mpangilio wako, asije akakuchagulia yeye.

Hofu ya mama

Hofu ya mama yako siidharau, na mtu yeyote anayeicheka hajawahi kuwa na binti. Mahali popote penye mkubwa mwenye amri na mdogo anayetakiwa kutii, mbaya mmoja anaweza kuitumia amri vibaya. Iko hivyo shuleni, kazini, na hata kwenye nyumba za ibada. Kumficha binti hakumkingi na hatari hiyo. Kinachomkinga ni kumfundisha aitambue mapema na kumhakikishia kwamba akisema atasikilizwa.

Shika kanuni hii, mdogo wangu: amri halali ya kambini hutolewa mbele za watu na kwa kazi inayojulikana. Kimbia, piga kwata, chota maji, lima, linda zamu yako. Mtu akikuita wewe peke yako, usiku, nyumbani kwake au chumbani kwake, hiyo si amri ya jeshi, hata kama ana nyota begani. Una haki ya kukataa. Siku ya kwanza jua jina la kiongozi wa kombania yako, jua afande wa kike aliye karibu nanyi, na jua njia ya kufikisha neno kwa mkuu wa kikosi. Jiwekeeni utaratibu ninyi mabinti wa bweni moja: anayetoka usiku, hata kwenda msalani, hatoki peke yake.

Likitokea baya, Mungu aepushe, usinyamaze na usijilaumu. Fika hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zina muda wake. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Wazazi, nanyi mumwambie binti kwa kinywa chenu kabla hajaondoka kwamba akipata tatizo lolote, nyumbani pana mlango wazi na hakuna atakayemuuliza alikuwa amevaa nini.

Afya nayo isichukuliwe juujuu. Mwenye pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo aende na barua ya daktari na aiseme siku ya vipimo. Mchakamchaka wa alfajiri hauna huruma na ugonjwa uliofichwa. Pedi beba za kutosha miezi yote. Simu isiwe tegemeo lako, kwa hiyo namba za nyumbani ziandike kwenye daftari. Wenye ulemavu unaoonekana kwa kawaida huelekezwa kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, ambako pana miundombinu inayowafaa. Wazazi msiwafiche watoto hao mkidhani taifa haliwataki.

Kazi yenyewe sidhani kama itakushinda. Binti aliyebeba ndoo kutoka kisimani Ikungi na kushika jembe tangu darasa la tatu hatavunjwa na shamba la kambi. Kitakachokusumbua ni kelele. Kuruta hupigiwa kelele asubuhi, mchana na jioni. Usizipeleke moyoni. Wengi wa wanaokufokea walifokewa hivyohivyo, nao wana kazi ya kuwafanya vijana wasiojuana waende kwa hatua moja ndani ya wiki chache.

Wewe ambaye jina halipo

Kijana wa Iramba, pole, lakini usijione umetupwa. Wanaomaliza kidato cha sita ni wengi kuliko nafasi za makambini, kwa hiyo kila mwaka wapo wasioitwa. Miaka mingine hutoka orodha ya nyongeza, basi endelea kutazama kwenye tovuti ya JKT yenyewe, siyo kwenye picha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu. Ukiwa hujaitwa, hujavunja sheria. Kamilisha maombi yako ya chuo, msaidie mzazi kuvuna, na hiyo nidhamu unayowaonea wivu rafiki zako uanze nayo nyumbani: amka alfajiri, kimbia, soma, fanya kazi ya mtu mwingine bila kusukumwa.

Nafasi haiuzwi

Kijana wa Itigi, kwako naandika kwa haraka kwa sababu pesa yako iko hatarini. Usitoe hata shilingi. Nafasi ya JKT ya kujitolea haiuzwi. Hutangazwa, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa, ambako hufanyika usaili, na umri unaokubalika hutegemea kiwango cha elimu. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya Manyoni ukaulize mwenyewe utaratibu wa mwaka huu. Anayekwambia ana ndugu makao makuu atakayekuingiza ni tapeli, na ukimlipa hutamwona tena.

Jambo la pili ni chungu kidogo, lakini ninakupenda kiasi cha kukuambia. Anayejitolea hukaa miaka 2, na JKT yenyewe hurudia kila mara kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira. Hufundisha uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi. Vyombo vya ulinzi huchukua baadhi ya vijana kutoka humo, wengine hurudi nyumbani. Ukiingia ukihesabu kwamba umeshaajiriwa, utavunjika moyo vibaya.

Tumeliona hilo. Vijana wa JKT wamefanya kazi kubwa za kutajika. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti Mererani ulijengwa kwa takribani miezi 3 na kuzinduliwa Aprili 2018, na vijana wa JKT walikuwa nguvu kuu ya ujenzi huo. Wenzao walijenga Ikulu ya Chamwino. Lakini Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa kwa vijana 854 baada ya mgomo uliotokana na kudai ajira walizoamini wameahidiwa. Baadaye walisamehewa. Nilifurahi waliposamehewa, lakini swali lao nimebaki nalo. Kijana aliyenyanyua mawe kwa miaka yake bora anastahili kuambiwa ukweli tangu siku ya kwanza: nini atapata, nini hatapata, na lini atarudi nyumbani. Ahadi ya mdomo mbele ya vijana wenye njaa ya kazi ni jambo zito, na wakubwa wawe waangalifu nayo.

Kwa hiyo ukipata nafasi, ingia kama mwanafunzi wa kazi. Omba upangwe penye ufundi: ujenzi, uselemala, ufugaji, kilimo cha umwagiliaji, ushonaji. Kila jioni andika ulichojifunza. Asali ya Itigi na Manyoni ina jina kubwa, na wewe tayari unajua nyuki. Ukirudi na nidhamu ya kambi, ujuzi wa kutunza hesabu na marafiki wa mikoa mbalimbali wanaoweza kukuuzia asali huko kwao, una mtaji ambao ajira ikichelewa hautaoza. Ukikosa nafasi kabisa, VETA Singida ipo.

Pengo ambalo hatulisemi

Maswali yenu matatu yamenionyesha jambo moja ambalo wakubwa wetu wanapaswa kulitazama. Sheria inamlazimisha binti wa kidato cha sita, ambaye tayari shule imemfungulia mlango. Kijana wa kidato cha nne kama wewe wa Itigi, na mwingine wa darasa la saba anayechunga ng'ombe wa watu Mkalama, wanabaki kugombania nafasi chache za kujitolea na kuwindwa na matapeli. Lakini hao ndio wengi katika mkoa wetu. Hao ndio wanaopanda mabasi ya usiku kwenda Dar es Salaam kuuza maji barabarani kwa sababu hawajui pengine pa kwenda.

Ikiwa lengo ni kujenga taifa, basi mlango wa JKT upanuliwe kwao kwa hiari, kwa ufundi wa kweli, kwa cheti kinachotambulika, na karibu na nyumbani. Wenzetu wa Zanzibar wana JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, na jina lake linatukumbusha kwamba kwata na uchumi vinaweza kukaa nyumba moja. Singida ina alizeti inayolisha viwanda vya mafuta, ina vitunguu, ina korosho mpya za Manyoni, ina asali, ina kuku. Kijana aliyefundishwa kazi hizi kwa miaka 2 chini ya nidhamu ya kambi ataujenga mkoa huu kuliko hotuba yoyote.

Jibu langu

Binti wa Ikungi, nimekuzungusha mbali, sasa nakujibu moja kwa moja. Nenda. Ni haki taifa kukuita, kwa muda wenye kikomo, ilimradi linawaita na wengine kwa kipimo kilekile na halimwachii baba yako mzigo wote wa safari. Mahali ambapo masharti hayo hayajatimia, dai lako ni halali na usione haya kulisema.

Jumatatu nenda kahakiki cheti cha kuzaliwa. Jumanne kapime afya. Jumatano kaa na wazazi na ile karatasi ya bei. Kisha watafute wengine wa Ikungi waliopangiwa Rwamkoma msafiri pamoja.

Ukirudi, niandikie mambo mawili: lililokujenga, na linalotakiwa kubadilishwa. Nanyi wote mnaokwenda fanyeni hivyo. Nitayakusanya bila majina na kuyachapisha hapa, ili wabunge wetu wa Singida wayasome kabla orodha ya mwaka ujao haijatoka. Wale wa 1966 waliadhibiwa kwa namna walivyouliza, lakini swali lao liligusa mishahara ya wakubwa. Ninyi ulizeni kwa adabu, na ulizeni mkiwa mmeshaitika wito, maana hapo hakuna atakayesema mnakwepa kazi.